Mama Mkwe Anahama Jumamosi

Niseme ukweli mapema, maana kwa wiki tatu nzima hakuna aliyeusema, na mimi nilikuwa mmojawapo. Sikutaka mama mkwe ahamie kwetu. Si kwamba simpendi. Siku ambazo mwanawe ameacha taulo lililolowa juu ya kitanda, nampenda mama kuliko mtoto. Lakini nyumba yetu ni vyumba viwili, na kimoja tunakiita sebule kwa kukiheshimu tu.

Jambo lilianzia kwenye simu. Shangazi yake mume wangu, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, alituma ujumbe wa sauti kutoka nyumbani, nchi tuliyotoka, dakika saba na nusu. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa salamu. Alituulizia sisi, mtoto, kazi, baridi, na jino langu nililong'oa mwaka juzi. Kisha akashusha sauti, akasema kwamba mjane mwenye mtoto wa kiume hakai peke yake kwenye mji wa watu. Akasema watu wanasema. Hakutuambia wanasema nini, akatuombea heri, akamaliza.

Mume wangu akampigia mama yake palepale. "Mama, karibu uje ukae kwetu."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Yakaishia hapo. Kwa watu wengine huo ungekuwa mwanzo wa maongezi. Kwetu sisi ulikuwa mkataba. Mtoto amekaribisha, mama ameshukuru, nani tena atasema vinginevyo bila kuonekana hana adabu? Mume wangu akaweka simu, akakaa ukingoni mwa kitanda akiupima ukuta kwa macho. Nikamwambia, "Ni jambo jema." Akanijibu, "Jema sana." Tukafa na tai shingoni, wote wawili.

Ikapangwa ahame Jumamosi ya mwisho wa likizo ya shule. Mume wangu angekuja na gari la mizigo la kukodi. Mimi na binti yetu wa miaka saba tukatangulia kwa treni Jumapili, tukamsaidie kufunga vitu. Niliondoka na wasiwasi wa aina yake, kwa sababu nilijua jambo moja. Mama asipohama, kwa sababu yoyote ile, hata daraja likikatika njiani, ukoo mzima utasema mkamwana, yaani mimi mke wa mwanawe, kamkataa. Mkamwana hana wakili.

Mji wa Mama ni mdogo. Una barabara moja yenye maduka, kituo cha treni chenye mabenchi mawili, na posta inayofungwa saa sita mchana. Alikuja huku na baba mkwe miaka ishirini iliyopita, baba mkwe alipopata kazi ya kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha makatoni. Kiwanda kilifungwa, baba mkwe akafariki miaka minne iliyopita, na sisi sote tulidhani Mama anabaki pale kwa kukosa pa kwenda. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Anakaa ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi. Mwenye duka ndiye mwenye nyumba. Ghorofa ya katikati anakaa mama mmoja mstaafu aliyekuwa akiendesha basi, mjane naye, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Sisi tunamwita Dereva.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na mlio wa chuma. Nikatoka mbio nikidhani kuna kilichopasuka, nikamkuta Mama jikoni, kanga kiunoni na sweta juu, anagonga bomba la maji ya moto kwa kijiko. Ngo, ngo. Akainamisha kichwa, akasubiri. Kutoka chini likaja jibu: ngo, ngo.

"Nini hicho, Mama?"

"Tunaamkiana. Mmoja asipogonga, mwenzake anakwenda kuangalia kama kafa."

"Ilishatokea?"

"Mara moja. Nilishuka nikamkuta mzima, kanuna tu. Jana yake nilimfunga kwenye mchezo wa dama."

Akaweka kijiko, akaendelea kukata mkate.

Kazi yake ni kwenye makazi ya wazee, asubuhi nne kwa wiki. Kutoka mlangoni kwake mpaka pale ni mwendo wa dakika kumi, na yeye hutumia arobaini. Watu wa mji ule, kwa kawaida yao, wanasalimiana kwa kuinua kidevu. Mama hilo alilikataa tangu mwaka wa kwanza. Yeye atasimama, atauliza umeamkaje, watoto je, na mama yako goti lake limepoa? Lugha ya huku anaiongea kwa kuivunja mbavu, lakini haimzuii kitu. Nilimwona mfamasia, mtu mzima mwenye koti jeupe, akiacha wateja wawili kwenye foleni ili atoke mlangoni kutoa taarifa kamili ya goti la mama yake. Mwoka mikate akatupa habari za mkewe bila kuulizwa. Kufika kazini tulikuwa tunajua afya ya nusu ya mji.

Hapo makazini ana chumba kidogo nyuma ya chumba cha kufulia, chenye meza, taa na cherehani ya umeme ambayo yeye anaiona ina kiherehere. Anashona lebo za majina. Nguo za wazee sitini zikifuliwa pamoja huchanganyika, kwa hiyo kila soksi, kila shati, kila gauni la kulalia lazima liwe na jina la mwenyewe. Ofisi inamchapishia majina, yeye anayashona. Lakini kwa kuwa wengi wao hawaoni maandishi madogo, Mama ameongeza mtindo wake ambao hakumwomba mtu ruhusa. Ndani ya kola, upande wa kushoto, anaweka vifundo vya uzi mnene. Huyu kifundo kimoja, yule viwili, mwingine viwili na mstari. Mzee anapitisha kidole tu, anajua nguo ni yake au ya jirani. Nilimwona bibi mmoja kipofu akipewa sweta, akalipapasa kola, akalirudisha kwa muuguzi kwa dharau, "Mimi ni vitatu."

"Wazee wangu hawa," Mama akaniambia, kastabini kidoleni. "Usipowaangalia vizuri watavaa ovyo."

Ana miaka sitini na tisa. Nusu ya wazee wake ni wadogo kwake.

Sasa, kuhusu kufunga mizigo. Jumatatu mchana nilipanga masanduku saba ya karatasi, nikaanza na jikoni. Vyombo vikaingia, nikafunga kwa utepe, nikaandika ubavuni. Jumanne asubuhi nikakuta sanduku limefunguliwa, birika liko jikoni linachemka. "Nilitaka chai tu," Mama akasema. Nikafunga vitabu na picha. Jioni picha zikawa ukutani, eti alitaka kumwonyesha Dereva sura ya mtu fulani. Jumatano nikafunga mapazia. Nilipotoka kuoga mapazia yalikuwa yamerudi dirishani, yamepigwa pasi. Hakuwahi kukataa kitu. Kila nilichokifunga aliniambia "umefanya vizuri, mwanangu," kwa sauti tamu kabisa, na nikigeuka tu anakifungua. Nimefanya kazi na mabosi wagumu, lakini sijaona mtu anayekubali kila kitu na kushinda kila kitu kama yeye.

Binti yangu ndiye aliyefurahia. Yeye na bibi yake wana utani wao wa bibi na mjukuu: wanaitana mke mwenza, kwa kuwa babu alikuwa mume wao wote wawili. Babu alipofariki mtoto alikuwa na miaka mitatu, akaambiwa kwa mzaha kwamba sasa na yeye ni mjane, na hajaliachia neno hilo tangu siku ile. Shuleni aliwahi kumjibu mwalimu, "Sisi wajane hatupendi hesabu," tukaitwa ofisini. Na kwa kuwa ni mke mwenza, ana ruhusa ya kumwambia bibi yake jambo lolote, ruhusa ambayo mimi na baba yake hatuna na hatutakuja kuwa nayo.

Alhamisi utepe uliniishia. Kwa kazi ya kufunga na kufungua, haikuwa ajabu. Nikashuka dukani kununua mwingine. Mwenye nyumba, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni, akaniuliza kwa upole, "Nani anasafiri?"

Nikadhani anatania. "Si ni Mama? Anahama Jumamosi."

"Anakwenda kuwatembelea? Atarudi lini? Wiki ijayo tumekubaliana nije nimpakie rangi jikoni. Ameshachagua rangi."

Akanionyesha kopo, akalifungua kabisa. Ilikuwa kijani, nzuri.

Nilipanda ngazi polepole. Mama alikuwa ameniambia, kwa kinywa chake, kwamba mwenye nyumba ameshaarifiwa na amehuzunika sana. Mchana nikaenda kumchukua kazini, na msimamizi wa makazi akanishika mkono kwa furaha, akasema Jumatatu wanapokea mashati mapya arobaini, na kwamba bila Mama asingejua aanzie wapi. Mama alisimama kando anavaa koti, anaangalia vifungo vyake kwa makini, kama mtu anayesoma.

Basi nikajua. Mama hataki kuhama. Zaidi ya ule uongo wa mwenye nyumba, hakuwa na mpango wowote. Alikuwa anangoja tu muujiza utokee kabla ya Jumamosi, na ikiwa hautatokea, angepanda kwenye lile gari, angekaa mbele, angesema "Mungu akuzidishie," na mambo yake yote yangeisha hivyo. Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Na nilijikasirikia zaidi mimi, maana kulikuwa na sehemu yangu iliyofurahi.

Nikampigia mume wangu, nikiwa nimesimama kwenye ngazi.

"Mama hataki kuhama."

"Amesema hivyo?"

"Hapana."

"Basi anataka."

"Mwenye nyumba hajaambiwa chochote."

"Labda amesahau. Wewe, kwani, unataka aje?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Niliona kabisa ndipo. "Ndiyo," nikasema. "Na wewe?"

"Ni mama yangu," akasema, jambo ambalo halikuwa jibu.

Jumamosi saa sita akafika, gari likaegeshwa mbele ya duka, kubwa kuliko vitu vyote alivyokuwa navyo Mama hata vikizidishwa mara mbili. Akapanda, akamsalimu mama yake kwa heshima zote, akatazama masanduku saba. Manne yalikuwa wazi. Hakuuliza. Mama akasema tule kwanza, mzigo haukimbii. Tukakaa kwenye meza ndogo ya jikoni, watu wanne na magoti manane, wali na maharage mbele yetu, na hakuna aliyekuwa na njaa isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja akala, akafuta mdomo, akamgeukia bibi yake. "Mke mwenza, wewe kule kwetu utalala wapi?"

"Popote, mke mwenzangu. Mimi mwepesi."

"Baba alisema utalala chumbani na Mama, mimi sebuleni, yeye jikoni. Lakini jikoni hatoshi. Alilala chini kujaribu, miguu ikatokea mlangoni."

Mume wangu akaangalia sahani yake. Nilikuwa sijui habari hiyo. Nikamwona akilini, mtu wa futi sita, amejinyoosha sakafuni kati ya jiko na friji, anajipima kwa siri, nikampenda ghafla hata taulo nikamsamehe.

Mama hakumtazama mwanawe. Akasema na mtoto. "Mke mwenzangu, mwambie baba yako, kama nafasi ni ndogo, mama yake hatanuna."

Mtoto akageuka. "Baba, kama nafasi ni ndogo, hatanuna."

"Mwambie bibi yako nafasi ipo. Nafasi ni moyo."

"Anasema nafasi ni moyo."

"Mwambie moyo hauna godoro."

Nilitaka kucheka, nikameza maharage vibaya. Wakaendelea hivyo, mama na mtoto wake, wamekaa wanagusana viwiko, wanapelekeana habari kwa tarishi wa miaka saba. Mwambie bibi yako, kama yeye mwenyewe angependa kubaki, tungemwelewa, ila hajasema. Mwambie baba yako, mtoto akikaribisha, mama atasemaje? Mwambie bibi yako, mtoto akiona mama yuko peke yake, atanyamazaje? Tarishi alikuwa anageuza shingo huku na huku, mwisho akachoka, akaweka kijiko chini.

"Kwani hamsikiani?" akauliza. "Si mmekaa hapo hapo."

Nikaona kitakachotokea: watacheka kidogo, watainuka, wataanza kubeba masanduku. Nikapiga moyo konde.

"Mama, mwenye nyumba hajui kama unahama. Msimamizi naye hajui." Nikamgeukia mume wangu kabla sijaishiwa na nguvu. "Na kwetu hakuna nafasi, na wewe unajua. Nilikwambia ni jambo jema. Nilidanganya. Niliogopa watu watasema mimi ndiye niliyemkataa Mama."

Hakuna mkwe anayetakiwa kusema hayo kwenye meza ya mama mkwe wake, tena mbele ya wali wake. Nilisubiri dari liniangukie. Mama aliniangalia muda mrefu, na uso wake haukunipa dalili yoyote. Kisha akamwangalia mwanawe, ana kwa ana, bila tarishi.

"Sitaki kuhama," akasema.

Neno dogo tu. Sikuwa nimewahi kulisikia likitoka kinywani mwake, si kwa mume, si kwa mwana, si kwa mtu yeyote. Hata yeye alionekana kushangaa kwamba limetoka na paa bado lipo. Mume wangu akashusha pumzi ndefu, akafunika macho kwa kiganja. Alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Mbona hukuuliza? Ulikaribisha tu."

Halafu mume wangu akaondoa kiganja usoni, akasema kile ambacho sote tulikuwa tumeshakifikia kimoyomoyo. "Na Shangazi?"

Ukoo ukisikia neno hapana, lazima upate pa kuliweka.

"Semeni nimekataa mimi," nikasema. "Watasema hivyo hivyo tu, afadhali tuwarahisishie."

"Lete simu," Mama akasema.

Akaishika mbali na uso, akabonyeza pa kurekodi. Yule anayemuuliza mfamasia habari za goti la mama yake hakusalimu hata kidogo.

"Wifi, sihami. Mwanangu amekuja na gari liko hapo chini. Mkwe wangu amenibembeleza wiki nzima mpaka machozi yakamtoka. Mimi nimekataa. Sitaki. Ukimsikia mtu anamsema mkwe wangu, mwambie anipigie mimi."

Akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Mimi sikuwa nimembembeleza hata dakika moja, wala sikuwa nimetoa chozi. Yakanitoka pale pale, mezani, mpaka mtoto akaniletea taulo la vyombo.

Tukasubiri. Mama akamimina chai, ikapoa. Jina la Shangazi likatokea kwenye simu, likaonyesha anarekodi, likaacha, likaanza tena. Mume wangu alisimama, akakaa. Ujumbe ulipoingia ulikuwa wa sekunde kumi na tisa, kutoka kwa mtu ambaye salamu zake peke yake ni dakika tatu. Mama akauweka wazi tusikie wote.

"Wifi, hilo neno umelisema na mwanao amekaa hapo hapo?" Sauti ya Shangazi ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejifungia chooni. "Yale niliyowatumia nilikuwa narudia maneno ya wanangu. Wameshanipakia rangi chumba huko kwao, wanakuja kunihamisha kesho. Wifi, hebu niambie ulianzaje."

Mama akausikiliza mara ya pili, peke yake, simu sikioni. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akasukuma mlango. Haukufungika vizuri, kwa hiyo tulimsikia.

"Utaanza hivi, wifi. Sema sitaki. Halafu nyamaza, usiongeze neno."